Maswali ya wasomaji: Mstari ukinyooka kwenye mashine, umeme wa nini?

Toleo lililopita tuliandika nusu ukurasa tukisema kwamba The Pitt, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Januari 2025, ndiyo iliyokaribia kweli kuliko tamthilia nyingine za hospitali tunazozijua. Barua zimemiminika. Wako waliotuunga mkono, wako waliotushukia kama mwewe, na wengi wamevuka hapo wakauliza juu ya tamthilia nyingine za hospitali kama ER, House na Grey's Anatomy. Tumechagua barua zenye swali linalojibika. Kipimo chetu ni kimoja: kosa lisilomdhuru mtazamaji tunalitaja na kupita, lakini kosa ambalo mtu anaweza kuondoka nalo sebuleni akaenda kulitumia kwa mgonjwa wa kweli, hilo tunakaa nalo.

Nyumbani tumegawanyika. Mimi nasema mashine ikionyesha mstari mnyoofu, mgonjwa anapigwa umeme ili moyo uamke. Mdogo wangu anayesomea utabibu anasema hata ukimpiga mara mia haamki. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Mdogo wako. Mashine ya kushtua moyo jina lake linapotosha, kwa sababu kazi yake ni kuunyamazisha moyo. Moyo uliosimama unafaa kupigwa umeme katika hali mbili tu. Ya kwanza, vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka ovyo, kila uzi wa msuli na lake, mfano wa dagaa waliomwagwa ndani ya ngalawa, na damu haisukumwi hata tone. Hiyo ndiyo fibrilesheni. Ya pili, vyumba hivyohivyo vinapiga kwa mpangilio lakini kwa kasi mno, havipati hata nafasi ya kujaa damu. Umeme ukipita, vyote vinanyamaza kwa pamoja, na ile sehemu ya moyo inayotoa amri ya mapigo inapata nafasi ya kushika tena usukani.

Mstari ukiwa mnyoofu hakuna fujo ya kunyamazisha. Umeme hapo unamcheleweshea mgonjwa msaada tu, maana kila sekunde ya kuchaji mashine na kuwasogeza watu ni sekunde ambayo kifua hakibonyezwi.

Daktari anayejua kazi akiona mstari umenyooka kama rula, kwanza anatazama waya, huku mwenzake akiendelea kubonyeza. Kibandiko kimoja kikibanduka kwa jasho, skrini inachora mstari huohuo. Moyo uliozima kweli mara nyingi huchora mstari unaopandapanda na kushuka kidogo. Akishahakikisha, kazi inayobaki ni kubonyeza kifua, oksijeni, adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa kila dakika 3 hadi 5, na kuumiza kichwa kutafuta kilichousimamisha moyo. Damu imemwagika? Hewa imenaswa kifuani ikaubana? Potasiamu imepanda kwa mgonjwa wa figo? Donge la damu limeziba pafu? Sumu? Baridi kali? Hapo ndipo mtu anapookolewa, kama ataokolewa.

Na vile vibao viwili vinavyofanana na pasi, ambavyo waigizaji huvisugua kimoja kwa kingine? Havisuguliwi. Siku hizi hospitali nyingi zimehamia kwenye vibandiko: kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Mashine nyingi za kisasa huanza na jouli (kipimo cha nishati ya umeme) 120 hadi 200 kwa mtu mzima. Ile "360" mliyoizoea kwenye ER ni ya mashine za kizamani, zilizopitisha umeme upande mmoja tu. Kabla ya kubonyeza kitufe, oksijeni inasogezwa mbali na kifua, jambo ambalo kwenye tamthilia karibu halionekani, na mgonjwa hutingishika mabega na kifua, haruki nusu mita kutoka kitandani.

Swali lako lina faida nyingine. Zile mashine ndogo zinazotoa maelekezo kwa sauti, zinazowekwa kwenye viwanja vya ndege na hoteli kubwa, zinausoma moyo zenyewe. Zikikuta mstari mnyoofu zinakataa kupiga umeme na kukuambia uendelee kubonyeza. Msidhani imeharibika.

Kwa nini kwenye tamthilia wanabonyeza kifua kwa viwiko vilivyopinda? Sisi tunafundishwa kuvinyoosha. Na kwa nini wao karibu kila mtu anaamka? (Mwokoaji wa pwani, Mombasa)

Ndugu yetu, mwigizaji aliyelala pale ni mzima na moyo wake unadunda. Ukimbonyeza inavyotakiwa utamvunja mbavu, na unaweza kumvuruga moyo. Kwa hiyo anayebonyeza anapinda viwiko, nguvu inaishia mikononi, na anaonekana kama anakanda unga wa chapati. Wazalishaji makini hukata picha, wakaweka kiwiliwili cha bandia, ndipo wakabonyeza kwa kina.

Ya kweli unaijua, lakini tuiandike kwa wengine. Mgonjwa alale juu ya kitu kigumu: sakafu, ardhi, mchanga ulioshindiliwa. Godoro linakula nguvu yako yote, na hilo nalo ni kosa la tamthilia, maana wao hubonyeza juu ya vitanda laini bila ubao. Kisigino cha kiganja kikae katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake, viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono. Shuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kila mbonyezo kiache kifua kipande chote. Mtu aliyechoka huanza kukiegemea bila kujijua, na moyo usiopewa nafasi ya kujaa hauna cha kusukuma. Ndiyo maana mnabadilishana kila dakika 2, hata kama aliyeko juu anasema bado ana nguvu. Mibonyezo 30, pumzi 2. Asiyejua kupuliza pumzi abonyeze tu bila kusimama.

Kwa aliyezama majini, ambaye ndiye mgonjwa wako, anza na pumzi: 2 au 5 kulingana na mwongozo mliofundishwa. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Na msimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini "atoe maji". Maji yanayotoka ni ya tumboni, na yakitoka na matapishi yanaingia mapafuni.

Kuhusu kuamka, hili limepimwa. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari waliotazama sehemu 97 za ER, Chicago Hope na Rescue 911. Walihesabu watu 60 waliobonyezwa kifua. Asilimia 75 walirudisha mapigo, na asilimia 67 walionekana kupona hadi kutoka hospitali. Nchini Marekani kwenyewe, wanaosimama moyo wakiwa ndani ya hospitali, wanaorudi nyumbani ni karibu 1 kati ya 4. Wanaosimama moyo nje ya hospitali ni karibu 1 kati ya 10. Tamthilia pia hupenda kijana aliyegongwa na gari, wakati wengi wanaobonyezwa kifua ni wazee wenye maradhi ya moyo.

Tunalikazania jambo hili kwa sababu linavunja familia. Mtu aliyezoea kuona asilimia 75 akiambiwa baba yake hakuamka, haraka anasema hawakujitahidi. Na muuguzi aliyebonyeza dakika 40 hadi mikono ikafa ganzi anasimama palepale akisikia.

Shikamoo daktari. Nipo mwaka wa pili wa uuguzi. Nimeona mgonjwa ana mrija wa kupumulia mdomoni na anamuaga mkewe kwa maneno. Inawezekana? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Haiwezekani, na ukielewa kwa nini umelielewa somo zima. Mrija ule unapita katikati ya nyuzi za sauti na kukaa ndani ya koo la hewa. Chini yake kuna puto dogo linalojazwa hewa, mara nyingi mililita 5 hadi 10, ili hewa ya mashine isivuje na matapishi yasishuke. Sauti ni hewa inayopita kwenye nyuzi zile zikatetema. Hewa yote ikipita ndani ya mrija, nyuzi hazina cha kuzitetemesha. Mgonjwa aliye macho huandika, hupepesa au hukuminya mkono. Hata mrija ukitolewa, saa za kwanza sauti yake inakwaruza.

Mtazame pia anayeuingiza. Kifaa cha kumulikia koo hushikwa mkono wa kushoto, mrija kulia, hata kwa anayetumia mkono wa kushoto katika mambo yake yote. Kichwa cha mgonjwa kinainuliwa kidogo na kidevu kutangulizwa, kama mtu anayenusa harufu ya chakula. Mpini unasukumwa mbele na juu, kuelekea pale ukuta unapokutana na dari. Ukiuvuta kuelekea kwako kama wenzo, ulimi wa chuma unaegemea meno ya juu na kuyang'oa. Mrija wa namba 7 hadi 7.5 huwafaa wanawake wengi, 7.5 hadi 8 wanaume, na alama ya kama sentimita 21 kwa mwanamke au 23 kwa mwanaume ndiyo inayokaa kwenye meno.

Tamthilia hukatiza hapo, na kwa kweli hapo ndipo hatari inapoanza: umeingia wapi? Kipimo cha kuaminika ni mashine inayoonyesha kaboni dioksidi katika pumzi inayotoka. Kisha sikiliza tumbo, halafu kwapa zote mbili. Tumbo likikoroma, upo kwenye njia ya chakula, toa. Pafu la kulia likisikika na la kushoto kimya, umeuzamisha mno ukaingia upande mmoja, maana njia ya kulia imenyooka zaidi. Uvute nyuma kidogo, usikilize tena. Ndipo unafungwa kwa utepe. Kwenye tamthilia utepe mara nyingi haupo kabisa, na mrija usiofungwa hutoka mgonjwa anapogeuzwa tu.

Ni kweli tamthilia moja ilitundika picha ya kifua kinyume? (Msomaji, Kisumu)

Kweli. Ni Scrubs, katika picha za ufunguzi wake. Ukiitazama picha ya kifua ni kama umesimama uso kwa uso na mgonjwa: ncha ya moyo wake inaelekea upande wako wa kulia. Pale ilielekea kushoto. Wako watu wachache ambao moyo wao uko upande huo kweli, ndiyo maana herufi ya upande huwekwa kwenye picha na husomwa kabla ya kitu kingine. Kosa jingine la aina hiyo ni kifaa cha kusikilizia moyo kuvaliwa kinyume. Ncha za masikioni zielekee mbele, kufuata tundu la sikio. Zikielekea nyuma husikii vizuri.

Kwenye tamthilia mtu akianguka kifafa wanamshikilia na kumtia kijiko mdomoni. Mama yangu naye anafanya hivyohivyo kwa mtoto wa jirani. Nimwambieje? (Msomaji, Songea)

Mwambie kwa heshima, lakini mwambie leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walitazama sehemu za Grey's Anatomy, House, Private Practice na misimu 5 ya mwisho ya ER, na mwaka 2010 wakatoa matokeo: kati ya vifafa 59 walivyoviona, karibu nusu vilihudumiwa vibaya, kwa kumshikilia mgonjwa, kuzuia mitikisiko au kumtia kitu mdomoni. Na waliokuwa wakihudumia walivaa makoti ya madaktari!

Ulimi haumezwi. Kijiko kinavunja meno, na kipande cha jino kinaweza kuingia njia ya hewa. Ukimshikilia mkono kwa nguvu unaweza kuutegua. Fanya hivi: sogeza jiko, mawe na kila kigumu. Weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa. Legeza shingoni. Tazama saa. Mitikisiko ikikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke nje, ukae naye hadi fahamu zirudi. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au ameumia kichwa, ni hospitali bila kungoja. Usimpe maji wala dawa ya kumeza hadi awe macho kabisa.

Povu la mdomoni haliambukizi. Hofu hii bado ipo, na kwa sababu yake watu wameachwa wakaungua jikoni huku wengine wamesimama mlangoni. Kama mtoto ana homa na degedege, moshi wa kinyesi cha tembo, ambao wengine huutumia kama dawa, hautamfaa. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hapo saa moja ina maana kubwa.

Mimi ni mkunga. Naomba mueleze ile sehemu ya ER ya mwanamke aliyekufa akijifungua. Wanafunzi wangu wanasema imetiwa chumvi. (Mkunga, Mtwara)

Mama mkunga, tunaomba kutofautiana na wanafunzi wako. Sehemu hiyo ilionyeshwa Machi 1995. Mjamzito anafika na shida ya mkojo, anapewa dawa ya maambukizi na kuruhusiwa. Anarudi na kifafa cha mimba. Daktari anachagua kumzalisha badala ya kumpeleka upasuaji, anakosea kukadiria uzito wa mtoto, mabega yanakwama, kondo la nyuma linabanduka, na mama anamwaga damu hadi anafariki. Mtoto anaishi. Kila hatua yake hutokea. Kilichotiwa chumvi ni yote kumwangukia mama mmoja, mikononi mwa daktari mmoja wa dharura ambaye wakunga na mabingwa wanachelewa kumsaidia.

Funzo lake kwa darasa lako ni lile la mwanzo: mjamzito wa miezi ya mwisho haruhusiwi kwenda nyumbani kwa jina la "UTI" kabla ya kupimwa presha, protini kwenye mkojo, na kuulizwa juu ya kichwa kuuma, macho kuona giza au maumivu chini ya mbavu za kulia.

Juni mwaka huohuo jarida la Lancet lilichapisha jaribio kubwa lililomaliza ubishi wa dawa ya kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti ilipunguza kurudi kwa kifafa kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu, na asilimia 67 ikilinganishwa na fenitoini. Dozi unayoifundisha ndiyo hiyo: gramu 4 kwenye mshipa polepole, kwa dakika zisizopungua 5, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, kisha 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi goti lazima liruke likigongwa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupoza magnesiamu ikizidi mwilini, ikae karibu, tayari kuvutwa kwenye bomba. Kwenye tamthilia dawa inatajwa mara moja na kusahauliwa. Wodini mkunga anagonga goti usiku kucha.

Madogo mawili mengine ya uzazi: chupa kupasuka ghafla kabla ya uchungu hutokea kwa karibu mama 1 kati ya 10, lakini kwenye tamthilia ni kila mmoja. Na yule "mtoto mchanga" anayekaza shingo na kutazama kamera ana miezi yake kadhaa.

House ni uongo mtupu. Madaktari wale wanapima damu wenyewe, wanaendesha MRI wenyewe, majibu yanatoka kabla ya matangazo. Kuna la maana humo? (Msomaji, Bukavu)

Malalamiko yako ni ya haki. Picha ya MRI moja huchukua dakika 20 hadi 60 na huendeshwa na mtaalamu wa mionzi. Kuotesha vijidudu vya damu huhitaji siku moja hadi tano. Kinyama kilichokatwa hukaushwa, kikawekwa kwenye nta, kikakatwa nyembamba kuliko karatasi, kikatiwa rangi; ni kazi ya siku. Wateknolojia wa maabara wamefutwa kabisa katika tamthilia ile, na hilo linauma zaidi ya kosa lolote la dawa.

Lakini lipo la maana. Mwaka 2012 mwanamume wa miaka 55 alifikishwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, moyo umechoka vibaya, macho na masikio yanapotea, ana homa isiyojulikana chanzo. Profesa Juergen Schaefer, ambaye huitumia House kufundishia, aliwahi kuona humo mgonjwa aliyetiwa sumu na kobalti, aina ya metali, iliyotoka kwenye nyonga bandia. Akauliza juu ya nyonga. Kumbe mgonjwa alikuwa na nyonga ya kauri iliyovunjika, ikabadilishwa kwa ya chuma, na vipande vya kauri vilivyobaki vikawa vinakikwangua chuma kila anapotembea. Kobalti ikaingia kwenye damu. Nyonga ikabadilishwa tena, moyo ukapata nafuu, na kisa kikachapishwa katika Lancet mwaka 2014. Tamthilia haikuugundua ugonjwa. Ilimkumbusha daktari swali la kuuliza, na hiyo si kazi ndogo.

Chumba cha upasuaji cha Grey's Anatomy kinanikera: nywele nje, barakoa chini ya pua, mapenzi juu ya tumbo lililofunguliwa. Kwa nini hamkulisema? (Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Morogoro)

Dada, tunalisema sasa. Barakoa hushushwa ili uso wa nyota uonekane, na nywele vivyo hivyo. Mkono uliokwisha kusuguliwa hukaa juu ya kiwiko ili maji yashukie kiwikoni, kisha hubaki kati ya kifua na kiuno. Wao huuteremsha, hugusa barakoa, na hakuna muuguzi anayewarudisha kwenye sinki. Kazini kwako wangerudishwa.

Ila linalotusikitisha zaidi ni kimya kabla ya kisu. Kuna orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19, husomwa mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio, damu iliyoandaliwa, antibiotiki ndani ya dakika 60, hesabu ya shashi na sindano. Ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali 8 za miji 8. Mmoja wa miji hiyo ni Seattle, mji wa Grey's Anatomy. Mwingine ni Ifakara, mkoani kwako, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kwa hospitali zote pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka 11 hadi 7. Kusoma orodha ni kazi ya dakika chache tu, na mwandishi wa tamthilia akitaka mvutano, basi upo humo: shashi moja haionekani, tumbo haliwezi kufungwa, daktari ana haraka, na muuguzi anasema hapana.

Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yameandika "daktari mkazi". Ni nani huyo? (Msomaji, Arusha)

Ni tafsiri ya neno kwa neno. Ni daktari aliyekwisha kuhitimu na sasa anasomea ubingwa huku akitibu. Sisi tungesema daktari anayesomea ubingwa. Aliye chini yake, wa mwaka wa kwanza kazini, anakaribiana na intani wetu, na aliye juu ni daktari bingwa wa zamu. Ubingwa wa tiba ya dharura unaouona kwenye The Pitt si wa Marekani tu. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na masomo ya ubingwa huo yakaanza mwaka huohuo.

Mmeisifu The Pitt mno. Katika zamu moja wameona visa tunavyovikusanya kwa mwaka mzima. (Muuguzi wa dharura, Maskati)

Tunakubali, na tulipaswa kuliandika. Msimu wa kwanza una sehemu 15, kila moja ni saa moja ya zamu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na ndani ya saa hizo kila kifaa adimu kabatini kinatumika. Majibu ya maabara nayo yanawahi mno, na ni nadra kumwona daktari akikaa kwenye kompyuta kuandika, kazi inayokula sehemu kubwa ya siku yake.

Sifa tunazishikilia kwa mambo mengine. Ukumbi wa kungojea umefurika, na sababu inatolewa: waliolazwa hawana vitanda wodini, kwa hiyo wamekwama kwenye korido za dharura. Muuguzi mkuu wa zamu ndiye anayejua nani yuko wapi. Dozi zinazotamkwa ni za kweli, na miongoni mwa waandishi yumo Joe Sachs, daktari wa dharura aliyeandika pia ER. Na watu waliojeruhiwa kwa risasi wanapoletwa kwa makumi, utaratibu wa hospitali unabadilika kama unavyobadilika kweli: wanapangwa mlangoni kwa alama za rangi kulingana na uzito wa majeraha, vipimo vinawekwa kando, na mikono inakwenda kwa anayevuja damu.

Hapo mtazamaji anaweza kuondoka na kitu. Damu ikiruka kutoka mkononi au mguuni na kuigandamiza hakuizuii, funga juu ya jeraha, sentimita 5 hadi 7 kuelekea kiwiliwili, lakini kamwe usifunge kwenye kiungo chenyewe cha kiwiko wala goti. Kitambaa kiwe kipana, sentimita 4 au zaidi. Waya na kamba nyembamba hukata nyama. Funga fundo moja, weka kijiti imara juu yake, funga la pili, kisha zungusha kijiti hadi damu ikome kabisa. Kosa la wengi ni kuacha kuzungusha mgonjwa anapolia kwa maumivu. Kifungo kilicholegea huzuia damu kurudi huku ile inayosukumwa na moyo ikiendelea kuingia, na jeraha huvuja zaidi ya awali. Kikishakaza, kifunge kijiti kisirudi nyuma, usikilegeze njiani, na uandike saa uliyofunga kwenye paji la uso la majeruhi au kwenye kitambaa chenyewe.